Barua ya Ijumaa, Darasa la Pili B

Wazazi wa Darasa la Pili B,
mlioko malishoni ng'ambo ya mto ulioganda,
nawasalimu. Watoto ni wazima.
Mkaa wa bweni umefika juzi, magunia arobaini,
na Khulan hakohoi tena usiku.

Wiki hii tumejifunza kutoa kwa kukopa.
Arobaini na tatu, toa kumi na saba.
Tatu haiwezi kutoa saba,
basi inabisha hodi kwa jirani, nyumba ya makumi,
inakopa kumi moja, inarudi nayo kwapani.
Enerel akanyoosha mkono:
"Mwalimu, huyo jirani atalipwa lini?"

Miaka kumi na tisa nashika chaki,
sijawahi kuulizwa hilo.
Nikamwambia tutaliangalia Jumatatu,
nikafuta ubao kabla haujajaa.
(Hapa kwenye barua nimeandika tu:
watoto wanauliza maswali mazuri.)

Jumanne anakuja daktari wa macho.
Kama mwanao huwahesabu kondoo kwa kukunja uso,
niarifu kupitia kwa dereva Baasan.
Alhamisi tunakwenda kiwanda cha mikate,
mwendo wa dakika kumi, baridi ya kukata masikio,
kwa hiyo soksi jozi mbili, na kofia si ya kubembelezana.
Mnaotuma jibini kavu, ahsanteni,
ila andikeni jina juu ya mfuko;
wiki iliyopita ulizuka ugomvi wa mfuko mmoja
wenye mama watatu.

Likizo ya Mwezi Mweupe:
siku arobaini na tatu kuanzia leo.
Njooni wenyewe, au mtume mtu anayejulikana na mtoto.
Mtoto hatatolewa kwa barua.

Nakala thelathini na moja, mashine ya shule ikikwaruza
kama paka ndani ya debe.
Kisha moja nikaiongezea mstari kwa mkono,
nikaifunga pamoja na kiberiti kisicho na njiti:

Mzee Damdin, humu mna jino la Zolboo.
Lilidondoka Jumatano, katikati ya kusoma kwa sauti,
akalimeza neno, jino akalitema.
Tumelizungushia mafuta ya kondoo, kama desturi,
lakini hapa mbwa ni mmoja tu, wa kituo cha polisi,
na mwanao amekataa katakata:
"Yule hanijui. Atanioteshea jino la mtu mwingine."
Tafadhali, mpe mbwa wenu wa nyumbani.

Baasan akakitikisa kiberiti sikioni, akacheka,
akakitia mfuko wa ndani, upande wa moyo,
akaondoka na lori lake la mafuta ya taa.

Usiku huo ikaanguka theluji, njia ikapotea.
Ijumaa iliyofuata sikuandika barua:
ningempa nani?
Daktari wa macho hakufika.
Mikate tuliiona. Khulan alikumbatia tanuri kwa mbali,
mikono imefunguka, macho yamefumba.
Zolboo kila asubuhi alipitisha ulimi penye pengo,
akaniangalia kama karani aliyechelewesha mshahara.

Lori lilirudi Jumatatu, kioo kimoja kimepasuka.
Katika rundo la mifuko ya jibini
(yenye majina, naam, yote yenye majina)
ilikuwepo barua yangu mwenyewe, imekunjwa mara nne,
inanuka moshi wa samadi.
Nyuma yake, kwa penseli iliyokandamizwa
na mkono uliozoea kamba kuliko karatasi:

Mbwa amekula.
Siku zilikuwa 43. Zimepita 17.
Tatu haikutosha, nikakopa kwa jirani.
Zimebaki 26.
Mwalimu, nimepata?

Nikaitafuta kalamu nyekundu,
chini ya daftari, chini ya glavu, mpaka droo ya pili.
Nikamwekea alama ya vema,
kubwa, hadi ukingo wa karatasi,
nikamwita Zolboo aje aione.